Sikio la Mtunzi: Maisha na Kazi za Grace Ogot Zikisomwa kutoka Homa Bay na Migori

Utangulizi

Makala haya yananuia kuyaangalia upya maisha na kazi za Grace Ogot, mwandishi wa Kenya aliyezaliwa Asembo mwaka 1930 na kufariki jijini Nairobi mwezi Machi 2015. Jina lake si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Hata hivyo, aghalabu hutajwa katika orodha tu: kwamba alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuchapisha riwaya kwa Kiingereza, kwamba alichota visasili vya Waluo, kwamba baadaye aliingia Bungeni. Orodha ya namna hiyo ni ya kweli, lakini haitusaidii kuelewa ni kwa nini sentensi zake zimejengwa jinsi zilivyojengwa, wala ni kwa nini mwandishi wa ufuo wa kaskazini wa Ghuba ya Winam alirudi mara kwa mara kwenye ufuo wa kusini ili kupata hadithi zake nzito.

Tuna hoja tatu. Kwanza, kwamba kazi ya kuandika maandishi ya redio, ambayo waandishi wa wasifu wake huitaja kwa mstari mmoja na kupita, ni ufunguo wa fani yake. Pili, kwamba eneo ambalo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori lina nafasi maalumu katika kazi zake na katika usomaji wake: ni mahali pa kuzama, pa kuzikwa na pa kupitia mtu anapohama. Tatu, kwamba uamuzi wake wa kuandika kwa Dholuo baada ya mwaka 1980 unazidai idara za Kiswahili jambo ambalo bado hatujalitimiza ipasavyo. Tunaandika tukiwa upande huo wa kusini, na hatuoni haja ya kuficha kwamba mahali tulipo pameathiri usomaji wetu.

Kutoka wodini hadi studioni

Grace Ogot alikuwa binti wa mwalimu, Joseph Nyanduga, mmoja wa watu wa mwanzo wa Asembo kupata elimu ya shule. Alisoma Ng'iya na Butere, akapata mafunzo ya uuguzi Mengo, Uganda, kati ya mwaka 1949 na 1953, kisha akaenda London kuendelea na mafunzo hayo. Huko London, kati ya mwaka 1955 na 1958, alifanya kazi katika BBC akiwa mwandishi wa maandishi ya vipindi na mtangazaji wa matangazo yaliyoelekezwa Afrika Mashariki na ya Kati. Aliporejea nyumbani aliendelea na uuguzi Maseno na Makerere, akawa ofisa wa maendeleo ya jamii, akafanya kazi ya uhusiano wa umma katika Air India, na akawa na kipindi cha redio kwa Dholuo. Mwaka 1959 aliolewa na mwanahistoria Bethwell Allan Ogot.

Mfuatano huu wa kazi una maana kwa mhakiki. Muuguzi husikiliza mgonjwa ambaye mara nyingi hajui jina la maradhi yake. Mwandishi wa redio huandika kwa ajili ya msikilizaji ambaye hamwoni na ambaye hawezi kumwuliza swali. Msomaji wa kitabu akipotea hurudi nyuma ukurasa mmoja, ilhali msikilizaji wa redio akipotea amepotea. Kwa hiyo mwandishi wa redio hujifunza mambo kadhaa: sentensi iishe kabla ya pumzi, jina la mhusika lirudiwe, tukio liwekwe mwanzoni, na mandhari yajengwe kwa sauti kabla ya kujengwa kwa rangi. Sifa hizi zote zimo katika nathari ya Ogot, na ndizo zilizowafanya baadhi ya wahakiki waione nathari hiyo kuwa nyepesi mno. Sisi tunaziona kuwa dalili za ufundi uliokusudiwa.

Inawezekana mtu akapinga hoja hii kwa kusema kwamba sifa hizo ni za ngano, na kwamba Ogot alizipata kwa nyanya yake zamani kabla ya kuiona studio. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, fanani wa ngano ana hadhira mbele yake: watoto huitikia, huuliza, huimba kibwagizo, na fanani hurefusha au kufupisha kadiri anavyowaona. Ogot katika maandishi yake hana uhuru huo. Anachofanya ni kuichukua ngano na kuiondolea hadhira ya ana kwa ana, kisha kuiimarisha ili isimame peke yake mbele ya msikilizaji aliye mbali. Redio ndiyo iliyomfundisha umbali huo. Nyanya alimpa hadithi, na studio ikampa namna ya kuisimulia kwa asiyemjua.

Kusikia bila kuelewa

Hebu tuchukue mfano wa hadithi yake inayofahamika zaidi, The Rain Came, iliyotoka kwanza mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus kwa jina tofauti, kisha ikaingizwa katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968). Mtawala Labong'o ameambiwa na mganga wa mvua, Ndithi, kwamba mvua haitanyesha mpaka binti yake wa pekee, Oganda, atolewe kafara kwa zimwi la ziwani. Hadithi inaanza na binti akimkimbilia baba yake na kumwuliza habari ya mvua. Baba hajibu. Tumeingizwa katika hadithi kupitia swali lililokosa jibu, na msikilizaji tayari anajua kuwa kimya kile kina jambo.

Baadaye, Oganda akiwa katika nyumba ya nyanya yake, anasikia wakubwa wakizungumza habari zake kwa sauti ya chini. Anadhani wanapanga ndoa yake. Anaanza kuwapima vijana mmoja mmoja moyoni, huku moyo wake ukimwelekea Osinda. Hapa pana kinaya kikubwa, na kimejengwa kwa sikio peke yake: binti anasikia kila kitu isipokuwa lile neno moja ambalo lingemfanya aelewe. Sisi tunalijua neno hilo na hatuwezi kumwambia. Hali yetu ni ile ile ya msikilizaji aliyekaa mbele ya redio, anayesikia lakini hana njia ya kujibu.

Katika safari yake ya kwenda ziwani, Oganda ni mtu wa kuimba peke yake na kusikia nyayo nyuma yake. Osinda anapomfikia na kumwokoa, mvua inanyesha. Wahakiki wengi wameuliza iwapo mwisho huu unaikanusha mila au unaithibitisha, kwa kuwa mvua imekuja bila kafara kukamilika. Tunaona kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa, na kwamba Ogot alijua haliwezi kujibiwa. Labong'o hatajua kamwe kwamba binti yake yu hai. Atasikia mvua juu ya paa na ataamini kwamba alitenda sawa. Huo ndio uchungu wa hadithi. Mtawala anasikia kile anachotaka kusikia, na hakuna awezaye kumsahihisha.

Kusini: kuzama, kuzika, kupita

Tukigeukia mandhari, jambo la kwanza linalojitokeza ni Simbi Nyaima. Ziwa hili dogo la magadi liko karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay. Wataalamu wa miamba hulieleza kuwa ni shimo la volkano lililojaa maji. Wenyeji hulieleza kwa kisasili: palikuwa na kijiji kilichoitwa Simbi, watu wake wakiwa katika sherehe, akaja mwanamke mzee, mgeni na maskini, wakamfukuza, mmoja tu akamkaribisha, usiku ule kijiji kikazama. Jina lenyewe linabeba habari ya kuzama huko. Mwaka 1983 Ogot alitoa kitabu kwa Dholuo chenye jina hilo hilo, Simbi Nyaima.

Katika semina moja ya uzamili tuliwaomba wanafunzi wetu wasimulie kisasili hiki kama walivyokisikia nyumbani. Wale wa Migori walikisimulia kama habari ya watu wengine walioadhibiwa. Mmoja, aliyetoka upande wa Karachuonyo, alitumia nafsi ya kwanza wingi: sisi ndio tuliomfukuza yule bibi. Darasa lilinyamaza. Mwanafunzi huyo alikuwa ameonyesha, bila kukusudia, kile ambacho uchapishaji hukihatarisha. Kisasili kikiwa mdomoni mwa mwenyeji ni ungamo. Kikiwa katika kitabu cha shule huwa funzo la ukarimu linaloweza kutolewa mahali popote. Tunadhani hii ndiyo sababu mojawapo ya Ogot kuchagua Dholuo kwa hadithi hii. Lugha ilimhakikishia kwamba wasomaji wake wa kwanza wangekuwa watu ambao bado wangeweza kusema sisi.

Mahali pa pili ni Rusinga. Thomas Joseph Mboya, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1930 kama Ogot, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, na akazikwa katika kisiwa cha Rusinga, ambacho leo kimo katika kaunti ya Homa Bay. Hadithi ya Ogot inayohusu maombolezo hayo, The Island of Tears, ilitoka mwaka 1980 katika mkusanyiko wenye jina hilo hilo, miaka 11 baada ya tukio. Msomaji wa Kenya anapoifungua tayari anaujua mwisho wake. Taharuki ya kawaida haiwezekani. Kwa hiyo mtunzi analazimika kutafuta njia nyingine, naye anaipata katika kilio cha watu wengi. Hapa pia sikio ndilo linaloongoza. Kitendo cha kuua ni cha dakika chache, lakini habari yake ilisafiri kwa redio na kwa midomo kutoka Nairobi hadi ziwani, na hadithi yenyewe inashughulika na wale waliobaki wakiisikia.

Mahali pa tatu ni barabara. Katika The Promised Land (1966), riwaya iliyotolewa na East African Publishing House, Ochola na mkewe Nyapol wanahama kutoka Seme kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Ochola anatajirika, jirani anamwonea kijicho, naye anapatwa na maradhi ya ngozi yanayomfanya aote kama miiba mwilini. Daktari Mzungu anashindwa. Mganga Magungu anamponya kwa sharti kwamba aache kila alichochuma na kurudi kwao. Riwaya haikuandikwa kuhusu Migori. Lakini msomaji wa Migori hawezi kuisoma kama msomaji wa Nairobi anavyoisoma. Mpaka wa Isebania na Sirari uko karibu. Ng'ambo yake, Tarime na Rorya, wako Waluo ambao ni ndugu, wakwe na washirika wa biashara. Kwao, safari ya Ochola haikukoma mwaka 1966. Wako waliohama na wasiugue, wakazaa huko na wakazikwa huko. Msomaji wa namna hiyo analiuliza swali ambalo riwaya haikulijibu: je, kuhama ni kosa, au kosa ni kuhama bila kuagana vizuri na walioachwa?

Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya riwaya hiyo, mumewe alichapisha History of the Southern Luo, kitabu kilichoyatumia masimulizi ya mdomo kama ushahidi wa historia ya uhamaji na makazi. Katika nyumba moja, kwa hiyo, masimulizi yale yale ya kuhama yalikuwa yakitumiwa kwa namna mbili. Mwanahistoria aliuliza nani alihama, lini na kwa njia gani. Mtunzi aliuliza nani hakutaka kuhama. Jibu lake lilikuwa Nyapol. Ukizuru Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, ngome ya mawe iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018, utaona kuta zilizojengwa kwa mawe makavu bila kitu cha kuyashikanisha. Mwanahistoria anaweza kukadiria umri wake. Lakini mawe hayasemi ni mwanamke gani alifika pale akilia. Kazi hiyo ni ya fasihi.

Udhaifu wa Nyapol

Tusije tukaonekana kumsifu mwandishi pasipo kumhakiki. Mwaka 1972 Maryse Condé aliandika katika jarida la Présence Africaine makala kuhusu Flora Nwapa, Ama Ata Aidoo na Grace Ogot, na alimhukumu Ogot kwa ukali. Hatukubaliani na hukumu yote, lakini kuna mahali ambapo riwaya ya kwanza inastahili lawama. Nyapol ndiye aliyekuwa na hoja sahihi tangu mwanzo. Alikataa kuhama, akanyamazishwa kwa wajibu wa ndoa. Mwishoni anapata alichotaka, yaani kurudi nyumbani, lakini hakipati kwa neno lake. Anakipata kwa amri ya mganga, mwanamume mwingine. Hadithi inamthibitisha bila kumpa nafasi ya kusema kwamba alisema. Mtunzi aliyejua kiasi kile thamani ya sauti angeweza kumpa Nyapol ukurasa mmoja zaidi.

Deni hilo linalipwa miaka 17 baadaye katika Miaha (1983). Hapa Ogot anachukua kisasili cha jembe lililokuwa likilima lenyewe mpaka bibi arusi mmoja, Nyawir, alipolishika kwa mkono wake kinyume na agizo, na tangu hapo binadamu wakalazimika kufanya kazi kwa jasho. Kama kisasili kinavyosimuliwa kwa kawaida, mwanamke ndiye chanzo cha taabu. Nyawir wa Ogot ni mtu anayetaka kufanya kazi kwa mikono yake. Nyapol alifuata, Nyawir anatenda, na dunia yote inabadilika kwa kitendo chake. Ni vigumu kuusoma uhusika wake bila kuona kwamba mwandishi alikuwa amerudi kwa Nyapol na kumrekebisha.

Suala la lugha

Miaha ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo mwaka 1989 kwa jina The Strange Bride. Hatutilii shaka umahiri wa mtafsiri, lakini jina hilo linafaa kuchunguzwa. Neno miaha lina maana ya bibi arusi tu. Kivumishi kilichoongezwa katika Kiingereza kimetoa hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza: bibi arusi huyu si wa kawaida. Kiswahili hakihitaji kivumishi hicho. Bi Arusi lingetosha, na lingeacha swali la nani mwenye makosa mahali ambapo mtunzi aliliacha. Ni mfano mdogo, lakini unaonyesha kwamba njia ya moja kwa moja kutoka Dholuo hadi Kiswahili inaweza kuwa fupi kuliko ile inayopitia Kiingereza.

Njia hiyo haikosi vizuizi. Dholuo ina nam, ambalo linaweza kuwa ziwa au maji makuu yasiyo na mwisho mbele ya macho. Kiswahili hututaka tuchague kati ya ziwa na bahari. Dholuo ina chira, maradhi ya kukonda yanayompata mtu aliyevunja mwiko. Laana hailitoshelezi neno hilo, wala uchawi. Mtafsiri ataona afadhali aliache kama lilivyo na kuiachia hadithi ilieleze. Kiswahili kimewahi kupokea maneno mengi kutoka mbali. Hakuna sababu ya kukataa neno la jirani.

Lazima pia tuseme jambo kuhusu wakati. Caitaani Mutharaba-ini ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka mwaka 1980. Ogot alitoa Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul mwaka 1981, kisha Miaha na Simbi Nyaima mwaka 1983. Ngũgĩ aliutetea uamuzi wake kwa nadharia, na nadharia hiyo ikawa sehemu ya mitaala duniani kote. Ogot hakuandika ilani. Alitoa vitabu vinne kwa miaka mitatu. Uhakiki wetu, unaopenda nadharia, ulimsikia mmoja zaidi ya mwingine.

Bungeni

Mwaka 1983 Ogot aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 1985 akachaguliwa na watu wa Gem katika uchaguzi mdogo; alitumikia pia kama waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Alikaa Bungeni hadi mwaka 1992. Ilikuwa miaka ya chama kimoja, miaka ambayo baadhi ya waandishi wenzake walikuwa uhamishoni au gerezani. Wako wanaoona kwamba aliyeandika habari za Labong'o hakupaswa kuketi karibu na mtawala. Wako wanaojibu kwamba mwanamke wa kijijini alihitaji mtu wa kumsemea mahali maamuzi yanapofanyika. Hatuwezi kumaliza mjadala huo hapa. Tunachoweza kusema kama wahakiki ni kwamba mfululizo wa vitabu vyake, uliokuwa wa kasi kati ya mwaka 1980 na 1983, ulikatika alipoingia siasani. Tawasifu yake, Days of My Life, ilitoka mwaka 2012. Fasihi ya Dholuo ililipa gharama ya miaka hiyo, kwa uzuri au kwa ubaya wa siasa zenyewe.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maisha ya Grace Ogot na fani yake havitenganishiki, na kwamba mahali vinapokutana ni katika sikio. Alijifunza kuandika kwa ajili ya asiyemwona, akazichukua hadithi za watu waliozama, waliozikwa na waliopita, akazipa umbo linalosimama bila fanani kuwapo. Alipoona kwamba umbo hilo kwa Kiingereza linawaacha nje watu wenye hadithi zenyewe, aliiacha lugha iliyompa jina na kuandika katika lugha iliyompa hadithi.

Kwa idara zetu, hasa vyuo vilivyo katika eneo hili, kazi iliyo mbele ni dhahiri. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayesoma Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, akaona jinsi mtunzi huyo anavyoitumia sanaa ya masimulizi kuhoji hali ya wanawake, anastahili kuisoma Miaha kando yake. Anayeisoma Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi na kutafakari matumizi ya kisasili, anastahili kuijua Simbi Nyaima. Miongoni mwa wanafunzi wetu wako wanaozungumza Dholuo nyumbani na kuandika tasnifu kwa Kiswahili. Hao ndio watafsiri wanaofaa. Wengine wao wametoka umbali mfupi kutoka ziwa la Simbi, na bado wanakisimulia kisasili chake kwa nafsi ya kwanza wingi. Tukichelewa, watakaokuja baada yao watakisimulia kama habari ya watu wengine.